Kwa Nini Sikuisahihisha Barua Yenu

Jumamosi iliyopita mlikuja kwangu hapa Kimbo watatu, mmevaa sare ingawa haikuwa siku ya shule, nikajua mnataka kitu. Mlikuwa na barua ya kumpelekea chifu kuhusu maji taka yanayopita mbele ya lango la shule yenu. Yule mrefu akaniambia, "Shosh, tumeskia ulikuwa secretary miaka mob. Tupigie hii msasa isound poa." Nikaisoma mara mbili, nikawapa chai na mkate, halafu nikawarudishia barua yenu bila kuigusa hata nukta. Mliondoka mmenuna. Yule mrefu hata hakumaliza chai, na maziwa siku hizi si ya kuchezea.

Tangu mwondoke nimekuwa nikijiuliza kama mlidhani ni uvivu wa uzee. Si uvivu. Vidole vyangu bado vinakimbia kuliko vyenu kwenye hizo simu. Ila niliwahi kuitengeneza barua ya wanafunzi mpaka ikapendeza, na msichana mmoja akakosa shule kwa sababu yangu. Sikuweza kuwaeleza hayo mdomo ukiwa na mkate, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa sekretari wa shule ya sekondari ya kutwa upande wa Gatuanyaga kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake nitaliacha, maana waliobaki pale ni watu wazuri na bado wananialika harusini. Watu hudhani sekretari ni mtu wa kupiga chapa. Kupiga chapa ni kazi ya vidole tu. Kazi yenyewe ni kujua nani ana shida kabla hajafungua mdomo. Mzazi akiingia ofisini ameshika kofia mkononi, amekuja kuomba. Akiingia nayo kichwani, amekuja kugombana, na unamwekea kiti mapema. Mwanafunzi akisimama dirishani akijifanya anasoma ratiba, usimwulize kitu. Mpe dakika tano. Ukimharakisha atasema "hakuna" na shida yake ataenda nayo nyumbani.

Aliyenifundisha hayo ni Bi Muthoni, sekretari aliyenitangulia, mwanamke mfupi aliyevaa sweta hata Januari, na joto la Januari ya Gatuanyaga mnalijua. Yeye alisoma kila karatasi kuanzia mstari wa mwisho kwenda wa kwanza, kwa sababu alisema macho yakizoea habari hayaoni makosa. Mimi nilidharau. Mwaka wangu wa kwanza nikapiga kwenye taipureta mwaliko wa mkutano wa wazazi, nikaandika Jumapili badala ya Jumamosi. Wazazi wakaja wametoka kanisani, wamependeza, wanawake na vitambaa vyao vya kichwa vyeupe, wakampata mlinzi peke yake akifua soksi. Niliaibika mpaka nikataka kuacha kazi. Kuanzia siku hiyo nikaapa kwamba karatasi yoyote itakayopita mikononi mwangu itatoka safi. Nikawa mtu wa kusahihisha kila kitu, hata matangazo ya mazishi yaliyobandikwa dukani.

Taipureta ikaondoka, kompyuta ikaja, na baada ya miaka mingi likaja sanduku la maoni. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli, likatundikwa kando ya maktaba. Wanafunzi wangeandika yanayowasumbua bila kuweka jina, na mimi nilipewa ufunguo nilifungue kila Ijumaa. Mwalimu Kariuki, mwalimu wetu mkuu wakati huo, alilizindua kwa maombi na makofi.

Ila kulikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyeliwaza. Naibu wake, Mwalimu Munyao, alikuwa amefundisha Kiswahili pale miaka mingi na kusahihisha insha nyingi sana, hivi kwamba alijua mwandiko wa kila mtoto kama anavyojua sura yake. Barua ya kwanza ilisema githeri ya chakula cha mchana ina wadudu. Munyao akaitazama kidogo tu, akasema, "Hii g yenye mkia ni ya Kelvin." Kesho yake Kelvin alikuwa jikoni peke yake, akichambua maharagwe ya shule nzima. Tulicheka sana ofisini. Mimi pia nilicheka, siwafichi.

Baada ya hapo sanduku likakauka. Ijumaa moja nilikuta karatasi ya tofi. Nyingine nikakuta swali, "Madam, hizo nywele unasukia wapi?" Nilijibu hilo kwenye ubao wa matangazo, maana lilikuwa swali zuri.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na nililionea fahari. Nilimwambia Mwalimu Kariuki kwamba barua zote nitazipiga chapa mimi, mwandiko usionekane, na karatasi zenyewe tuzichome. Akakubali. Siku ya paredi nilichukua karatasi chache zilizokuwa sandukuni mbele ya wanafunzi wote, nikaenda nazo jikoni, na Baba Shiru, mpishi wetu, akafungua mlango wa jiko nikazitia motoni. Wiki mbili baadaye sanduku lilijaa mpaka karatasi zikawa zinachungulia nje. Watoto walikuwa wameniamini, na ninawaambia ukweli, hakuna mshahara ulionifurahisha kama hilo.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Mtu aliyeapa kutotoa karatasi yenye makosa hawezi kupiga barua ya mtoto jinsi ilivyo. Nilianza na nukta na herufi kubwa. Kisha nikaanza kuondoa maneno makali. Mtoto akiandika kwamba mwalimu wa hesabu huja darasani akipenda, mimi naandika kuna changamoto katika ratiba ya hesabu. Msichana akiandika kwamba choo hakina mlango na wavulana wanachungulia, mimi naandika miundombinu ya usafi ingehitaji kuboreshwa. Mwalimu Kariuki alifurahi. Alisema wanafunzi wetu wamekomaa. Alikuwa akiandika pembeni "Imeonekana" kwa kalamu ya kijani, anaweka sahihi, nami naingiza kwenye faili. Ilionekana kweli, lakini hakuna kilichofanyika, na mimi nikaendelea kusifiwa kwa lugha nzuri.

Lazima niwaeleze kuhusu darasa la jioni, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Kengele ya mwisho ilikuwa saa kumi, lakini Mwalimu Kariuki alikuwa ameanzisha masomo ya ziada mpaka saa kumi na mbili. Matokeo yalikuwa yamepanda na wazazi walimsifu mpaka sokoni. Lile darasa lilikuwa mtoto wake. Ukiligusa umemgusa yeye.

Ijumaa moja nilitoa sandukuni ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Nimezisahau nyuso za watu wengi, lakini maneno yale nayakumbuka. "Madam, tunatoka saa kumi na mbili. Tukifika kwa machimbo ya mawe ni giza. Kuna wanaume hukaa hapo wanatufuata. Jumanne mmoja wetu alishikwa mkono akaachilia bag tukakimbia. Tunaogopa sana. Tuachiliwe saa kumi."

Mnajua nilichoandika? Niliandika, "Wanafunzi wa kike wanaomba suala la usalama wa jioni litiliwe maanani." Kisha nikaupeleka ukurasa kwa Baba Shiru. Nilijiambia nawalinda wasije wakamkasirisha mkuu. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda kuingia ofisini kwake na kutoka nikiwa nimesifiwa. Aliandika "Imeonekana" kwa kalamu yake ya kijani.

Hazikupita wiki mbili, msichana wa kidato cha tatu anayeitwa Nduta akaacha kuja shuleni. Alikuwa analelewa na nyanya yake huko ndani, mbali na barabara. Nilituma ujumbe, na nyanya akajibu kwamba ni heri mtoto akae nyumbani akiwa mzima. Nilidhani anamkinga na ugonjwa fulani. Niliandika kwenye rejista "hayupo", siku baada ya siku, kwa mwandiko wangu mzuri.

Wiki ya tatu, Mwende alisimama dirishani akisoma ratiba. Huyu alikuwa rafiki wa Nduta, msichana Mkamba mwembamba mwenye sauti ya chini, wazazi wake wakilima nyanya ng'ambo ya machimbo. Nikampa dakika zake tano. Akauliza kama barua yao ilifika kwa mkuu. Nikasema ilifika, na kwa kuwa nilijiamini, nikatoa faili nikamwonyesha. Akasoma. Akasoma tena, kidole chini ya kila neno.

"Madam, hii si yetu."

Nikamwambia ni yao, nimeitengeneza tu ikae vizuri.

"Lakini kwa hii hakuna mtu anaogopa," akasema.

Hakuwa amekasirika. Kama angekasirika ningemkemea na kumrudisha darasani, na mambo yangeishia hapo. Alirudisha faili juu ya meza kwa mikono miwili, vile mnavyofundishwa, na ndipo akanieleza kwamba aliyeshikwa mkono ni Nduta, na kwamba nyanya yake alikataa kungoja mara ya pili. Niliketi pale nikiwa nimeshika faili ambalo halikuwa na kosa hata moja. Niliona haya sana.

Siku hiyohiyo niliingia kwa Mwalimu Kariuki nikamweleza barua ilivyokuwa. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema, "Grace, nikiwaachilia saa kumi watafeli. Wakifeli, wataenda kufanya kazi wapi kama si kwa hayo machimbo?" Akashauri watembee kwa makundi. Nikamwambia wanatembea kwa makundi. Akasema tutalitazama muhula ujao. Nikatoka.

Sasa sikilizeni kitu ambacho sekretari wote wanajua na hawasemi. Anayeandika ajenda ndiye anayeongoza mkutano. Mkutano wa wazazi ulikuwa umebakiza wiki mbili, na Mwalimu Kariuki hakuwahi kusoma nilichomwekea mbele kabla ya kutia sahihi, kwa sababu miaka yote hakukuwa na kosa. Nilichomeka kipengele kimoja, "Neno kutoka kwa wanafunzi". Sikukiweka kwenye mengineyo, kwa sababu mengineyo huja baada ya chakula, na baada ya chakula wazazi wa kwetu huanza kutafuta njia ya nyumbani. Nilikiweka kabla ya chakula, katikati ya karo na taarifa ya ujenzi, wakati kila mtu bado ana njaa na yuko macho. Akatia sahihi.

Nilimwomba Mwende awe msemaji, nikamfundisha kwenye stoo ya karatasi, saa ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza alikuja na hotuba imejaa kurasa mbili. Ilianza na salamu katika jina la Bwana, ikaendelea na itifaki imezingatiwa, halafu kulikuwa na changamoto nne na miundombinu miwili. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Alikuwa amejifunza kutoka kwa watu kama mimi. Nikaikunja nikaiweka mfukoni mwangu, nikamwambia anieleze vile alivyomweleza mama yake.

"Sijamwambia mum," akasema. "Nikimwambia atanitoa shule pia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mama yake angekuwa ameketi palepale mkutanoni. Nikamwambia basi tuache, nitasema mimi, na nilimaanisha. Akafikiria, akiokota vipande vya chaki sakafuni.

"Nduta ashatoka," akasema. "Tukinyamaza watatolewa wengine, mmoja mmoja. Wacha niseme tu."

Kwa hiyo tukaanza upya. Nilimwambia ataje mahali, maana watu hawawezi kurekebisha mahali wasipopajua. Ataje saa. Aseme kilichotokea kama kilivyotokea, bila kukipaka rangi na bila kukiongezea chumvi, kisha aseme wanachotaka, na aketi. Kuketi ndiko kulikomshinda. Kila tukijaribu, akimaliza, anaanza kuomba msamaha. Tulifanya mazoezi mengi ya kuketi kuliko ya kusema. Baba Shiru alipita na sufuria akatuona nikimwambia mtoto "keti, keti", akadhani nimechanganyikiwa.

Siku ikafika. Kila mzazi alikuwa na nakala ya ajenda mkononi, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na mimi nilikuwa pembeni na daftari la kumbukumbu za mkutano. Mwalimu Kariuki alisoma vipengele kwa sauti mpaka akafika kile changu. Akaacha kusoma. Akanitazama juu ya miwani. Nikaandika tarehe kwenye daftari, kisha nikaiandika tena chini yake. Angeruka, lakini wazazi walikuwa wanasoma pamoja naye, na mzee mmoja wa mbele akasema haya, watoto waongee.

Mwende akasimama. Sauti yake ilikuwa ya chini mpaka watu wakaacha kusogeza viti.

"Naitwa Mwende, form three. Tunatoka hapa saa kumi na mbili. Kwa machimbo tunafika giza imeingia. Kuna wanaume hutufuata. Walishika rafiki yangu mkono, na sahii hako shule. Sisi wengine tunaogopa. Tunaomba tuachiliwe saa kumi."

Akaketi. Hakuomba msamaha.

Mama yake alisimama safu ya nne, kiti kikagonga ukuta. Mimi nilijua tumempoteza Mwende, na nikaanza kujilaumu hapohapo. Lakini hakumwendea binti yake. Aligeukia wazazi wenzake, akasema kwa lafudhi yake nzito ya Kikamba, "Mimi nalima hapo karibu na sikujua. Nani mwingine hakujua?" Akainua mkono wake mwenyewe. Kisha mama mmoja akainua mkono, na mwingine, na baba mmoja karibu na dirisha, mpaka ukumbi mzima ukawa mikono juu. Wa mwisho kuinua alikuwa baba aliyekuwa akipasua mawe palepale machimboni. Alisema hakujua wanachofanya, lakini watu wale anawajua kwa majina, na kwamba jioni hiyohiyo ataongea nao, na kesho wazazi waende naye kwa chifu.

Niliandika yote hayo kwenye kumbukumbu, neno kwa neno, na makosa yake.

Mwalimu Kariuki alivua miwani kama siku ile, lakini safari hii alikuwa anafuta macho. Alisema kuanzia Jumatatu kengele ni saa kumi, na masomo ya ziada yatahamia Jumamosi asubuhi. Jumatatu hiyo aliniita ofisini akanisomea barua ya onyo kwa kuchezea ajenda. Sekretari ni mimi, kwa hiyo nikaipiga mwenyewe. Nilirekebisha makosa yake mawili, akatia sahihi, nikaingiza kwenye faili langu. Mpaka nastaafu, tulikuwa marafiki.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Matokeo ya mwaka ule hayakuanguka, lakini hayakupanda pia. Wale wanaume hawakuisha siku moja. Wazazi walisindikiza watoto kwa zamu muhula mzima. Ila sanduku nililiomba liondolewe, na badala yake wanafunzi wakapewa nafasi ya kusimama na kuongea kwenye paredi kila mwezi, kwa sauti zao wenyewe. Mwende sasa anasoma chuo pale Thika, na juzi nilimwona kwenye video akiongea na vijana wa Witeithie kuhusu kivuko cha barabara. Alisema alichokuja kusema, akaketi. Nilipiga makofi peke yangu jikoni.

Kwa hiyo barua yenu pelekeni kwa chifu vile ilivyo. Ile sehemu mnayosema mmoja wenu aliteleza akaanguka kwenye yale maji asubuhi ya mtihani, akaufanya akinuka huku wenzake wakimcheka, msiitoe. Hiyo ndiyo barua. Na mkitaka, nitakuja nanyi, lakini nitakaa nyuma.

Nimebakisha kitu kimoja. Jumatano ya wiki ile kengele ilipobadilika, nyanya yake Nduta alimleta shuleni. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na hakutaka kuketi. Mwanafunzi aliyekosa shule muda mrefu hujaziwa fomu ya kurudi, na kuna mstari unaouliza sababu ya kutokuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiujaza. Niliandika ugonjwa, au shida za kifamilia, maneno yanayofunika kila kitu, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Siku hiyo nilimpa Nduta kalamu. Akaitazama fomu, akanitazama mimi.

"Niandike ile ukweli?"

Nikamwambia aandike. Akainama, akaandika neno moja, "Niliogopa", kisha akauliza kama linatosha. Nikasema linatosha. Nikapiga muhuri juu yake, nikatoka naye mpaka mlangoni mwa darasa, ingawa njia aliijua.